Mbuzi wa mama na vitesi ya papo hapo



Sisi wanafunzi wa darasa la ine la kisayansi tunaomba nafasi kidogo katika karatasi yetu hii, kwa kusema neno moja ambalo limetusumbua tangu mwezi wa kenda. Ni neno la Fizike, lakini tafazali musigeuze ukurasa. Wale wa Pedagojia na wa Komersiali wasome vilevile, maana neno lenyewe halikuanzia katika klasi. Lilianzia barabarani.

Munamujua wote mama yule anayeuza ndizi na karanga chini ya miti ya kalitusi, pale barabara inapotelemuka kufika kwenye daraja. Alikuwa na mbuzi muke mwenye mimba. Mbuzi yule ndiye alikuwa minerivali ya mutoto wake, anayesoma hapa kwetu katika mwaka wa kwanza. Basi siku moja ya soko, kamyo iliyojaa mihogo, na watu wamekaa juu ya mihogo, ikatelemuka pale na kumukanyaga mbuzi. Mama akapiga kelele, watu wakajaa, mukubwa wa kijiji akaitwa.

Shofere hakukasirika hata kidogo. Alisimama akasema pole pole: “Wababa, miye si mutu wa mbio. Nilitoka ku muji saa mbili kamili, na sasa ni saa ine. Ni kilometre 60. Mupige hesabu wenyewe. Kuko watoto wa masomo hapa, muwaulize.”

Na kweli wakatuuliza. Tulikuwa watu sita, tumetoka kuchota maji. Tukafanya kama tulivyofundishwa: njia gawanya kwa wakati, 60 gawanya kwa 2. Tukajibu kwa sauti moja: “Makumi tatu kwa saa.” Shofere akatushukuru. Mukubwa wa kijiji akasema kwamba kilometre 30 kwa saa ni mwendo wa mutu wa kinga akitelemuka, kwa hiyo kosa ni la mbuzi aliyeruka mwenyewe barabarani. Mama akapewa nyama ya mbuzi wake na feza kidogo ya chumvi, neno likaisha.

Wote sita tulikuwa na pointi kupita 70 kwa 100 katika Fizike.

Usiku katika internati hatukulala vizuri. Hesabu yetu haikuwa na kosa, 60 gawanya kwa 2 ni 30 hata leo. Lakini ile ni vitesi moyene ya safari nzima, kutoka muji mpaka kwa mbuzi. Ndani ya saa mbili zile kuko kupanda kilima pole pole, kuko matope, kuko kusimama kwa kupakia mihogo, kuko bariere. Kama alisimama nusu saa tu kwenye bariere, basi alikuwa na saa moja na nusu kwa kukimbia kilometre 60, nayo ni 40 kwa saa, si 30. Na kama alipanda vilima kwa 15, ni lazima pahali pengine alipita hata 40. Wapi? Mutu aliyejaza kamyo mihogo, mbio yake anaikamata wapi kama si kwenye mutelemuko?

Hapo mumoja wetu akasema: “Basi, tutafute mbio yake pale pale kwa mbuzi. Tukamate metre 100 za mwisho.” Mwingine akajibu kwamba ndani ya metre 100 aliweza kubadilisha mbio, tukamate 10. Halafu moja. Halafu nukta yenyewe. Na mwingine, kwa kuchekesha, akasema: “Kwenye nukta, njia ni ziro, na wakati ni ziro. Ziro gawanya kwa ziro. Kwa hiyo kamyo ilipomukanyaga mbuzi haikuwa na mbio yoyote!” Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, maana hakuna aliyejua kumujibu.

Lazima tuseme na neno la haya. Ulizo hili tulikuwa tumekwisha kulisikia. Mwaka uliopita, katika darasa la tatu, mwenzetu mumoja aliinua mukono akauliza: “Namna gani kitu kinaweza kuwa na mbio kwa mara moja, kama kwa mara moja hakiendi popote?” Aliambiwa aandike formule na asikawishe wengine. Sisi ndio tuliocheka. Aliuliza tena siku nyingine, tukacheka tena. Leo hayuko katika kisayansi. Anasema kichwa chake si cha Fizike.

Maoni yetu ndiyo haya: kichwa chake kilikuwa cha Fizike kuliko vyetu. Sisi tulikubali kwa sababu hatukufikiri. Zaidi ya miaka 2400 iliyopita, Mugriki Zenon wa Elea aliuliza vilevile juu ya mushale: kila mara ukiutazama uko pahali pamoja tu, basi unaruka wakati gani? Watu wenye akili walibaki na ulizo hilo kwa mamia ya miaka. Haiwezekani ulizo lililosumbua ulimwengu namna ile liwe la bure likitoka katika kinywa cha mwanafunzi wa kwetu.

Tulirudi kwa mwalimu wetu, na yeye hakukataa. Alisema programu ni ndefu na Egzameni ya Serikali haingoji, lakini kama tunataka, tutafute ubao. Akatueleza Galileo alivyofanya. Kitabu chake kilichapwa Leiden katika 1638, na ndani yake anaandika kwamba alichonga mufereji katika ubao murefu, akauinamisha kidogo, akatelemusha bili ya shaba, na kwa kuwa hakuwa na saa nzuri alipima wakati kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka katika chombo. Sisi pia hatukuwa na saa nzuri. Hatukuona sababu ya kungoja laboratware ambayo watu wanaiahidi kila mwaka.

Fundi wa mbao alituchongea mufereji katika ubao wa metre 4, na ubao mwingine mufupi kidogo. Tuliulainisha na musasa na nta. Bili ya chuma tulipata katika gurudumu la kamyo nzee. Kwa wakati tulifunga jiwe kwenye kamba ya metre moja: likitoka upande huu kufika upande ule ni segonde moja, karibu kabisa. Mumoja anahesabu jiwe kwa sauti, mumoja anaachilia bili, mumoja anaweka kidole pahali bili ilipofika. Mara za kwanza tulikosa kabisa, kwa sababu anayehesabu alikuwa akitazama bili badala ya jiwe. Tukamugeuza atazame ukuta.

Tuliinua ubao upande mumoja santimetre 16. Bili ilitembea metre ya kwanza kwa segonde 3. Metre zote 4, kwa segonde 6. Musome tena: wakati mara mbili, njia mara ine. Tulirudilia mara nyingi na jibu halikuacha kuwa lile, ila kidole kilikosea kidogo hapa na pale.

Halafu tukafanya jambo ambalo linatufanya tuandike. Tuliweka ule ubao wa pili mwisho wa ubao wa kwanza, lakini ukiwa sawasawa, bila kuinama. Tukaweka bili metre moja tu juu ya mwisho wa mutelemuko, tukaiachilia. Segonde 3, ikafika chini. Toka pale, kwenye ubao ulio sawasawa, hakuna kitu cha kuiongezea mbio. Ilitembea na mbio ileile iliyokuwa nayo ilipofika chini. Na kwa segonde 3 zingine, ilitembea karibu metre 2, ikipunguka kidogo tu kwa sababu ya mbao kuisugua.

Basi tazameni. Kwenye mutelemuko ilitembea metre 1 kwa segonde 3: vitesi moyene ni metre 0,33 kwa segonde. Lakini pale chini, kwenye nukta ya mwisho, ilikuwa na mbio ya metre 2 kwa segonde 3, ndiyo 0,67. Mara mbili! Mutu akituuliza “bili ilikwenda mbio gani?”, na sisi tukagawa njia kwa wakati kama siku ile ya mbuzi, tungejibu 0,33, na mutu aliyeweka kidole chake pale chini angepigwa na 0,67.

Kwa namna hiyo tulielewa vitesi ya papo hapo ni nini. Si njia ambayo kitu kinatembea ndani ya nukta, maana ndani ya nukta hakitembei njia yoyote, mwenzetu alisema kweli. Ni njia ambayo kingetembea kama toka nukta ile kingeacha kuongeza na kuacha kupunguza. Ubao wa pili ndio “kama” yenyewe, imefanywa kwa mbao. Tena mwalimu alituambia kwamba mawazo haya ni ya zamani kuliko Galileo: Mwingereza William Heytesbury, wa masomo makubwa ya Oxford, aliandika karibu vilevile katika 1335, bila ubao, bila bili, kwa kufikiri tu.

Na ile ziro gawanya kwa ziro? Hakuna mutu anayeifanya. Kwa ubao wetu, njia ni wakati mara wakati, gawanya kwa 9. Tukikamata kipande kutoka segonde ya 3 mpaka ya 4, vitesi moyene inatoka 0,778. Tukikamata kutoka 3 mpaka 3,1, inatoka 0,678. Kutoka 3 mpaka 3,01, inatoka 0,6678. Fanyeni wenyewe mu kaye. Hesabu inakaribia 0,667, ile ile ya ubao wa pili, na haitaki kwenda pengine. Tunasema ile inayokaribiwa ndiyo vitesi ya nukta ile. Formule ya limite, ambayo tuliimba mwaka muzima kama wimbo, inasema hivyo tu. Lakini tuliipewa mbele ya kuona kitu chochote kikitelemuka.

Wamoja watasema: haya ni maneno ya wenye vitabu, barabarani hakuna vitesi ya papo hapo. Iko. Kila kontere ya gari inaionyesha. Katika kontere ya zamani yenye mushale, kuko kamba ya chuma inayotoka kwenye bwate ya vitesi na kuzungusha sumaku. Sumaku inavuta kikombe chepesi bila kukigusa, na resori inakizuia. Sumaku ikizunguka zaidi, mushale unapanda zaidi. Mujerumani Otto Schulze aliiandikisha kazi hii katika 1902. Kontere hiyo haiulizi ulitoka wapi wala saa ngapi. Inasema juu ya sasa. Ya kamyo ile, tulisikia kwa konvoyere, ilikufa zamani.

Tuseme kidogo na juu ya upande, maana hapa pia tulijua nusu. Kifaransa cha kaye zetu kinatumia neno moja, vitesi, kwa vitu viwili. Mwanafunzi akizunguka kiwanja chetu, metre 320, kwa segonde 80, mbio yake moyene ni metre 4 kwa segonde na jasho linamutoka. Lakini amerudi pale pale alipotoka, kwa hiyo vekteri ya vitesi moyene ni ziro. Si uongo, maulizo ni mawili. Moja linauliza umekimbia kiasi gani, lingine umesogea kiasi gani na upande gani. Mutu wa chukudu anajua hili kuliko sisi. Akitelemuka na mifuko ya viazi na kufika kwenye kona, hata asipoongeza mbio, upande unabadilika, na kama mifuko haikufungwa vizuri inaendelea na upande wake wa zamani mpaka katika mashamba ya watu. Mbio ni ile ile, vekteri si ile. Kontere haina macho ya kuona kona.

Turudi kwa mbuzi. Mumoja wetu, ambaye siku ile hakujibu kitu kwa shofere, alikuwa amefanya kazi peke yake: alipima kwa hatua alama ambazo mipira ya kamyo iliacha katika vumbi shofere alipofunga freni. Hatua 31, kutoka mwanzo wa alama mpaka kwenye damu. Tulipima hatua yake na lati: santimetre 75. Ndiyo metre 23 na kidogo. Ni bahati, kwa sababu mvua ya kwanza ilinyesha siku ya pili yake na kufuta yote.

Kamyo inayofunga freni ni bili yetu kwa kurudi nyuma: badala ya kuongeza mbio, inapunguza. Tumuhurumie shofere. Tuseme barabara ilikuwa na utelezi, mutelemuko ulimusukuma, freni zilikuwa zaifu, kwa hiyo kila segonde alipunguza metre 3 kwa segonde tu. Katika vumbi kavu freni inakamata zaidi ya hapo, lakini tumupe. Mbio mara mbio ni 2 mara 3 mara njia. Kama kweli alikuja na 30 kwa saa, ndiyo metre 8,3 kwa segonde, angesimama kisha metre 12. Mbuzi angebaki na metre 11 za majani mbele ya kamyo. Lakini alivuta metre 23, na alipofika kwa mbuzi alikuwa angali anakwenda. Kwa metre 23 hesabu inatoa 11,7 kwa segonde, ni kusema 42 kwa saa. Hiyo ndiyo ya chini kabisa, na huruma yote ndani yake. Alifunga freni akiwa na 42 ao zaidi, na sisi tulisema 30 mbele ya watu.

Shofere hakusema uongo, tunamupa haki hiyo. Alisema kweli juu ya saa mbili, wakati sisi tulipaswa kuuliza juu ya pale alipofunga freni.

Tulikwenda kwa mukubwa wa kijiji na kaye yetu. Alitupokea vizuri, akasikiliza mpaka mwisho, akatuuliza kama tulikuwa na hesabu hii siku ile. Tukasema hapana. Akasema neno la mbuzi limekwisha, wazee hawalirudilie, na siku nyingine tupime kwanza na kusema kisha. Mama naye tulimweleza. Alituuliza kama hesabu mupya itazaa mbuzi. Wale sita tumekubaliana kubeba mawe ya msingi wa nyumba inayojengwa karibu na dispansere, siku za posho, mpaka tufikishe nusu ya minerivali ya mutoto. Nusu ingine Prefe amekubali ilipwe pole pole.

Kuna maneno mawili tunaomba. La kwanza kwa walimu, na hatusemi kwa kuwazarau: katika darasa la tatu, ubao utangulie na formule ifuate. Inaomba saa mbili tu. Wakubwa wa darasa la sita wanasema kwa Egzameni ya Serikali inatosha kuchagua jibu, haiombi kuelewa. Na sisi tulichagua jibu siku ile kwa mbuzi, tena tulichagua haraka.

La pili kwa muangalizi wa internati. Tumesikia kwamba ubao wetu wa metre 4 unatakiwa kwa kutengeneza vitanda. Tafazali usikatwe mbele ya juma lijalo. Mwenzetu yule aliyeacha kisayansi tumekwenda kwake kuomba musamaha, na amesema atakuja siku ya tano, baada ya chakula, kuachilia bili mwenyewe. Anataka kujua itakuwaje tukiinua ubao santimetre 32, na sisi hatujamwambia.